Kikohozi Kinachobaki Baada ya Kupona Kifua Kikuu



Leo tutazungumza juu ya watu waliokwisha kuugua kifua kikuu, wakameza dawa mpaka siku ya mwisho, wakaambiwa wamepona, lakini bado wanakohoa. Watu hao wapo katika mkoa wetu wa Tabora. Wapo Urambo na Kaliua kwenye mashamba ya tumbaku. Wapo Nzega na Igunga, baadhi yao wakiwa wamerudi kutoka machimbo ya dhahabu. Wapo pia katika vijiji vilivyo kando ya reli, ambako zamani ilipita njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Kila asubuhi mtu huyo hukohoa makohozi mengi, mazito, ya njano au ya kijani. Akipewa dawa hupata nafuu kwa wiki mbili hivi, kisha homa na makohozi hurudi palepale.

Mgonjwa huyu ana taabu mbili. Ya kwanza ni kifua chake. Ya pili ni watu wa nyumbani kwake. Kikombe chake hutengwa. Wajukuu hukatazwa kukaa karibu naye. Majirani husema, "Huyu ana TB isiyopona." Lakini huenda mtu huyo hana kifua kikuu hata kidogo. Huenda anacho kitu kingine, ambacho watu wachache wameelezwa.

MAPAFU HUJISAFISHAJE?

Hewa tunayovuta hupita kooni na kuingia katika mrija mkubwa. Mrija huo hugawanyika kuwa miwili, na kila mmoja hugawanyika tena na tena, zaidi ya mara ishirini. Mfikirie mwembe mkubwa uliopinduliwa, shina likawa juu na matawi chini. Hivyo ndivyo mirija ya hewa ilivyo, na majani ya mwembe huo ndiyo vifuko vidogo ambamo hewa safi huingia katika damu.

Ndani ya mirija mna ute mwembamba unaonasa vumbi, moshi na vijidudu. Chini ya ute huo vimepangika vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivi hupiga kama makasia, usiku na mchana, vyote kuelekea juu. Husukuma ute pamoja na taka zake mpaka kooni, nasi huumeza bila kujua. Ni kama watu waliopanga mstari kutoka kisimani, wakipitishiana ndoo ili kuzima nyumba inayoungua. Mstari ukikatika mahali pamoja tu, ndoo zitarundikana hapo.

Sasa tazama kifua kikuu kinafanya nini. Vijidudu vyake, ambavyo Daktari Robert Koch alivitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi, 1882, hula nyama ya mapafu. Dawa huviua vijidudu hivyo. Lakini dawa haiwezi kufuma upya nyama iliyokwisha kuliwa. Mahali hapo panabaki shimo au kovu. Kovu likikauka hujikunja na kuvuta mirija iliyo jirani, hata mirija hiyo hutanuka na kulegea kama soksi iliyokwisha mpira. Vinyweleo vya hapo hufa. Ute haupandi tena, bali hutuama.

Wataalamu huuita ugonjwa huu bronkiektasisi. Sisi tuuite kutanuka kwa mirija ya hewa. Daktari mmoja Mfaransa, Laennec, ndiye aliyeueleza kitabuni mwaka 1819, miaka mitatu baada ya kubuni chombo cha kusikilizia kifua. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1826 kwa kifua kikuu.

Kifua kikuu siyo chanzo pekee cha ugonjwa huu. Surua kali au kifaduro utotoni, nimonia zinazojirudia, na virusi vya UKIMWI visivyotibiwa vinaweza kuuleta. Kwa mtoto, hata punje ya karanga iliyopaliwa ikashuka katika mrija wa hewa inaweza kuuleta, kama haikutolewa. Sisi tunaolima karanga tuangalie hapo: mtoto aliyepaliwa ghafula, kisha akabaki anakohoa kwa wiki nyingi, apelekwe hospitali hata kama siku ile alionekana kuwa mzima.

KIJIDUDU KINACHOJENGA BOMA

Maji yaliyotuama huzaa mbu. Ute uliotuama huzaa vijidudu. Viko vya aina nyingi, lakini kimoja ni mkaidi kuliko vyote, nacho huitwa sudomonasi. Makao yake ni majimaji: udongo wenye unyevu, mabomba, masinki, ndoo zisizosuguliwa. Mtu mwenye mapafu mazima akikivuta hakimfanyi kitu, maana vinyweleo hukifagia mara moja. Mwaka ule ule wa 1882, Mfaransa mwingine, Gessard, alikitambua alipochunguza bandeji za vidonda zilizogeuka rangi ya buluu na kijani. Hata hivyo tusiukate ugonjwa kwa rangi tu. Makohozi ya kijani yanaweza kuletwa na vijidudu vingine pia.

Kijidudu hiki kikikaa kifuani kwa muda hujenga boma. Hutoa utelezi wake chenyewe, kikaupaka kuta za mrija, na ndani ya utando huo vijidudu maelfu kwa maelfu hukaa pamoja. Sisi wa Tabora tunafahamu boma maana yake nini. Mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia boma la Mtemi Isike zaidi ya mara moja wakashindwa, wala halikuanguka mpaka Januari 1893. (Msinielewe vibaya. Simfananishi mtemi wetu na kijidudu. Nazungumzia ukuta.)

Mgonjwa anapomeza dawa, dawa hufika na damu mpaka nje ya boma. Vijidudu vilivyo nje hufa. Homa hushuka, makohozi hupungua, mgonjwa hurudi shambani. Lakini vilivyo ndani vimejificha. Tena vingi vimelala, havikui wala kuzaana, na dawa nyingi huua kijidudu kinachokua. Dawa inapokwisha, vilivyolala huamka na kutoka. Ndiyo maana mgonjwa husema kila mara, "Ile dawa ilinisaidia, ila ugonjwa umerudi." Anasema kweli. Lakini ugonjwa haukurudi kutoka mahali popote. Ulikuwamo.

Iko sababu ya pili. Dawa tulizozizoea, kama amoksilini, Septrin na doksisaiklini, hazikiui sudomonasi. Kwa asili yake kina vijipampu vinavyoitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Mtu anaweza kununua amoksilini dukani kila mwezi kwa mwaka mzima, akamaliza fedha za mavuno, na kijidudu hiki kisitikisike. Tena anavizoeza dawa vijidudu vingine vilivyomo mwilini mwake.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamekijua sana kijidudu hiki kwa sababu ya ugonjwa mwingine, wa kurithi, uitwao saistiki faibrosisi. Daktari Dorothy Andersen wa New York aliueleza mwaka 1938. Mtoto huuzaliwa nao akipata urithi wenye kasoro kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Ute wake wa mapafuni huwa mzito kama gundi, vinyweleo haviwezi kuusukuma, na vijidudu hivi hivi hujenga boma humo tangu utotoni. Jasho la mtoto huyo lina chumvi nyingi kupita kawaida. Ugonjwa huo huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini Waafrika pia wameonekana nao. Kwa hiyo mtoto anayekohoa daima, asiyenenepa ingawa anakula vizuri, na ambaye mama yake huona ladha ya chumvi anapombusu, aonyeshwe kwa daktari wa watoto.

Nimeutaja ugonjwa huo kwa sababu mengi yaliyofahamika juu ya kuishi na sudomonasi yalijulikana kwa kuwauguza watoto hao. Kubwa kuliko yote ni hili: dawa peke yake haitoshi. Ute lazima utolewe kifuani kila siku, kwa mikono na pumzi. Hilo halihitaji mashine, na linawezekana kijijini. Nitalieleza.

KWANZA MAKOHOZI YAPIMWE

Namfahamu mzee mmoja, mkulima wa mpunga na karanga. Alikuja zahanati akiwa na kitambaa kilichofungwa fundo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kadi zangu zote."

Akafungua fundo. Zilikuwamo kadi tatu za matibabu ya kifua kikuu. Ya kwanza ilikuwa na majibu ya maabara mwanzo na mwisho, safi kabisa. Ya pili na ya tatu hazikuwa na jibu lolote la makohozi. Katika kituo fulani walimsikia akikohoa, wakaona kadi ya zamani, wakamwanzishia dawa tena. Miezi sita, kisha miezi sita mingine. Nikamwuliza anaishije nyumbani. Akasema, "Nakula peke yangu, kama mgeni asiyejulikana atokako."

Makohozi yake yalipelekwa maabara kwa njia ya mratibu wa kifua kikuu wa wilaya. Chini ya hadubini hakikuonekana kijidudu cha TB, na yalipooteshwa hakikuota. Picha ya eksirei ilionyesha makovu na mashimo ya zamani upande wa kulia juu. Hospitali kubwa ikaotesha makohozi kwa ajili ya vijidudu vingine, na sudomonasi ikaota. Mzee huyo hakuwa na kitu cha kumwambukiza mkewe wala wajukuu zake. Mkewe alipoelezwa alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi ile sahani nitaitupa." Siku hizi mzee huja kila mwezi. Huniita daktari, nami sijachoka kumweleza kwamba mimi ni mganga wa cheti tu.

Lakini jamani, msije mkasema, "Mganga ameandika gazetini kwamba kikohozi baada ya TB siyo TB." Sikuandika hivyo. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu anaweza kuugua tena, na hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu ambaye hajawahi kuugua. Ninachosema ni kwamba kikohozi hakina jina usoni. Makohozi ndiyo yanayosema, na lazima yaulizwe kila mara.

Na yakiulizwa, jibu lisomwe kwa akili. Siku hizi vituo vingi hutumia mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali Desemba 2010. Hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na huonyesha pia kama kijidudu kimezoea dawa ya rifampisini. Ni mashine nzuri sana. Lakini inachotafuta ni chembe za urithi za kijidudu, na chembe hizo huweza kubaki makohozini kwa miezi, hata miaka, baada ya vijidudu vyenyewe kufa. Ukiona nyayo za fisi zizini unajua kwamba alipita, hujui kama bado yumo. Kwa mtu aliyewahi kutibiwa, mara nyingine lazima makohozi yaoteshwe. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, lakini kilichokufa hakioti. Kwa hiyo ukienda kupimwa useme wazi kwamba uliwahi kuugua, mwaka gani, na uchukue kadi yako. Usiifiche kwa aibu.

Liko jambo jingine ambalo wauza dawa na wanunuzi wote wawili wanapaswa kulijua. Dawa iitwayo siprofloksasini inaweza kuipiga sudomonasi. Baadhi ya watu wamesikia hivyo, nao huinunua wenyewe. Dawa za ukoo huo huvipunguza nguvu pia vijidudu vya kifua kikuu kwa muda, bila kuvimaliza. Kama kweli mtu ana TB, atapata nafuu ya uongo, vipimo vitachelewa kuionyesha, na vijidudu vitajifunza kuizoea dawa ambayo huhitajika kuwatibu wenye TB sugu. Wagonjwa wa TB sugu walianza kutibiwa Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2009, katika hospitali ya kifua kikuu iliyoanzishwa mwaka 1926. Matibabu yake ni magumu kuliko yale ya kawaida. Makohozi yatangulie, siprofloksasini ifuate, tena kwa cheti cha daktari na kwa siku zote alizoandika.

Iko njia rahisi ya kukitazama kifua kupitia vidole. Mwaka 1976 daktari wa Afrika ya Kusini, Leo Schamroth, aliieleza baada ya kuiona mikononi mwake mwenyewe. Chukua vidole viwili vinavyofanana, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, uvikutanishe mgongo kwa mgongo, kucha zigusane. Kwa mtu mzima utaona kati ya kucha kidirisha kidogo chenye pembe nne, mwanga ukipita. Kidirisha kikiwa kimeziba na ncha za vidole zimevimba kama kichwa cha rungu, yawezekana kuna ugonjwa wa muda mrefu kifuani au moyoni. Alama hiyo haitaji ugonjwa upi. Inasema tu: nenda ukapimwe.

KUKIMWAGA KIFUA

Ute usiopanda wenyewe hutolewa kwa mlalo, pumzi na subira. Fanya asubuhi kabla ya kula, na jioni kabla ya kulala, dakika kumi hadi kumi na tano kila mara. Usifanye ukiwa umeshiba.

Daktari aliyeitazama picha yako atakuambia ugonjwa upo upande gani na juu au chini. Kanuni ni moja: mahali pagonjwa pawe juu, mdomo uwe chini yake, ili ute uteremke kama asali inavyoteremka ukiinamisha kibuyu. Ukiwa mgonjwa upande wa kulia, lalia ubavu wa kushoto. Kama ugonjwa uko chini ya mapafu, weka mto au blanketi lililokunjwa chini ya nyonga, kichwa kiwe chini kidogo. Kifua kikuu hupenda zaidi sehemu ya juu ya mapafu, na kwa hiyo wengi watafaa kukaa wima tu kwenye kigoda, wakiegemea mbele au nyuma kidogo.

Ukishakaa hivyo, pumua polepole kwa tumbo mara kadhaa. Kisha vuta pumzi ndefu, izuie ukihesabu moja, mbili, tatu, halafu iachie taratibu. Rudia mara tatu au nne. Sasa fungua mdomo na usukume hewa nje kwa nguvu ya kiasi, "haaa", kama mtu anayepulizia kioo apate kukifuta. Usikohoe kwanza. Ile "haaa" huusukuma ute kutoka mirija midogo kuja mikubwa. Ukiusikia umefika juu, hapo kohoa na uuteme ndani ya kopo lenye mfuniko. Pumzika, kisha anza tena. Makohozi yamwagwe chooni, kopo lisuguliwe kwa sabuni na maji ya moto, likaushwe juani. Kumbuka kijidudu chetu hupenda unyevu.

Siku za kwanza mgonjwa huchoka na kukata tamaa. Watu wa nyumbani wamsaidie. Mtoto wa shule anaweza kuhesabu dakika kwa saa, na kwa kufanya hivyo atakuwa amekaa na babu yake. Kutembea na kulima kwa kiasi pia hutikisa ute, na maji ya kunywa huulainisha. Zoezi hili asilifanye kwa kulala kichwa chini mtu anayetema damu, mwenye ugonjwa wa moyo, au mama mwenye mimba kubwa, mpaka aonane na daktari.

Juu ya moshi sitasema mengi, maana mnajua. Sigara ikome. Anayeuguza mapafu asipewe kazi ya kuchochea moto wa mabani ya tumbaku wala kukaa jikoni penye mafiga na mlango mmoja. Asali yetu ya miombo ni nzuri, hulainisha koo na kupunguza kero ya kikohozi, ila haifiki kwenye boma lile. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

WALIOPONA WAMEKUWA WENGI

Nchi yetu ina historia njema katika kupigana na kifua kikuu. Uchunguzi uliofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ukatangazwa mwaka 1972, ulionyesha kwamba matibabu ya miezi sita yanaweza kutosha, wakati ambapo wagonjwa walimeza dawa mwaka mmoja na zaidi. Mpango wetu wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na kazi aliyoifanya hapa Daktari Karel Styblo ilifuatwa baadaye na nchi nyingi duniani. Watu wengi ambao wangekufa wapo hai. Lakini kwa muda mrefu kadi ilipofungwa, mtu alihesabiwa amekwisha, hata kama alibaki na nusu ya pumzi zake. Mwaka 2019 wataalamu walikutana Stellenbosch, Afrika ya Kusini, kwa mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya mapafu yaliyoharibika baada ya kifua kikuu. Naona walichelewa, ila walifika.

Kwa hiyo, wewe uliyemaliza dawa za kifua kikuu na bado unakohoa kila asubuhi, nenda kituoni na kadi yako. Omba mambo matatu: makohozi yapimwe, virusi vya UKIMWI vipimwe, na eksirei ipigwe panapowezekana. Kopo la makohozi ulilopewa ulijaze asubuhi, nje ya nyumba penye upepo, kabla ya kula. Mate hayafai, yatoke kifuani. Uliza pia kama kituo chako kina chanjo za kukinga nimonia na mafua.

Lakini usingoje siku ya kliniki kama unatema damu, hata kijiko kimoja. Makovu ya zamani yana mishipa dhaifu, na mara nyingine ukungu huota ndani ya mashimo, ukaikwaruza. Damu ikifika kikombe, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile, usiku au mchana, mgonjwa akilazwa kwa ubavu ule wenye ugonjwa ili damu isiingie katika pafu zima. Vivyo hivyo pumzi ikikatika hata hawezi kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au akianza kuweweseka. Mpandisheni gari lolote lililo karibu, na mmoja wenu achukue kadi.